Kuutambua na Kuukuza Mtindo Wako wa Uongozi: Mwongozo wa Siku Tisini

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu aliyekabidhiwa watu hivi karibuni: mwenyekiti mpya wa kikundi cha kuweka na kukopa kule Pasua, msimamizi wa jiko katika hoteli ya Arusha, karani mkuu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa Kibosho au Machame, au kiongozi wa msafara wa Mlima Kilimanjaro ambaye kwa mara ya kwanza jina lake ndilo limetangulia kwenye orodha ya wapagazi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwafundisha watu wa namna hii mjini Moshi, na karibu kila mmoja wao hufika na swali lile lile: niwe kiongozi wa aina gani? Naliheshimu swali hilo, lakini huwa naliahirisha, kwa sababu anayeuliza tayari ni kiongozi wa aina fulani. Amekwisha kuamua, amekwisha kukemea, amekwisha kunyamaza mahali alipopaswa kusema, na watu walio chini yake wameyaona yote hayo na wameshampa jina, hata kama hawajalitamka mbele yake. Mtindo wako wa uongozi ndio huo wanaouona wao. Kazi ya siku tisini zijazo ni kuujua kama wanavyoujua, kisha kubadilisha mambo machache ndani yake kwa makusudi.

Utahitaji daftari, kalamu, robo saa ya kila jioni, na watu watatu watakaokubali kukuambia ukweli. Hao watatu ndio wagumu kupatikana, na ndiyo maana hatua ya tatu ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya kwanza: Andika maamuzi yako kwa wiki nne

Kila jioni, kabla ya kulala, andika uamuzi mmoja hadi maamuzi matatu uliyoyafanya siku hiyo na yaliyomgusa mtu mwingine. Kwa kila uamuzi andika jambo lenyewe, nani aliulizwa kabla, maneno uliyoyatumia kadiri unavyoyakumbuka, na hali uliyokuwa nayo wakati ule, yaani kama ulikuwa na njaa, haraka, hasira au utulivu. Usiandike sifa. Maneno kama "nilikuwa mkali" au "nilitumia busara" hayakusaidii, kwa sababu ni hukumu, na hukumu tutawaachia wengine. Andika hivi: "Saa nne asubuhi mpishi msaidizi alifika akiwa amechelewa dakika ishirini. Nilimwambia mbele ya wahudumu wawili kwamba kama kazi imemshinda aseme. Sikumuuliza sababu. Nilikuwa na wageni arobaini wa chakula cha mchana."

Nimeweka wiki nne kwa sababu wiki ya kwanza mtu hujichunga, akijua kwamba jioni ataandika, na kufikia wiki ya tatu mazoea yake halisi huwa yamerudi. Mwezi mzima, tena, unahakikisha kwamba utapitia angalau siku moja ya fedha: siku ya mishahara, siku ya kugawa mikopo, siku ya kugawa bakshishi baada ya wageni kushuka mlimani. Fedha huudhihirisha mtindo wa mtu upesi kuliko semina yoyote, na mwezi usio na siku ya fedha hutoa nusu ya habari tu.

Mwishoni mwa wiki ya nne hesabu mambo matatu: ni mara ngapi uliuliza kabla ya kuamua, ni mara ngapi uliamua peke yako, na ni mara ngapi hukuamua kabisa, ukaliacha jambo lijiendee. Wengi huitazamia hesabu ya pili wakashtushwa na ya tatu. Mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi, aliyekuwa akijiona mkali mno, aligundua kwamba karibu theluthi ya mambo aliyoyaandika hakuyaamua kamwe. Mikopo iliyochelewa kurejeshwa ilikuwa ikisogezwa kutoka kikao hadi kikao, na wanachama walikuwa wameanza kunong'ona kwamba mwenyekiti ana watu wake. Ukali wake ulikuwa juu ya wachelewaji wa kikao. Kwenye deni alikuwa mpole kupita kiasi, na hakuwa amewahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja mpaka alipoyaona kwa mwandiko wake mwenyewe.

Hatua ya pili: Waandike waliokuongoza wewe

Hatua hii ni ya jioni moja. Katika ukurasa mmoja andika watu watano waliowahi kukuongoza: mzazi, mwalimu mkuu, mchungaji au padri, bosi wa kwanza, na mwingine yeyote anayekujia. Kwa kila mmoja andika sentensi aliyopenda kuisema na jambo moja alilokutendea ambalo hujalisahau. Kisha rudi kwenye kurasa za mwezi uliopita uyatafute maneno yao kinywani mwako. Utayakuta. Msimamizi aliyemwambia mpishi wake kwamba kama kazi imemshinda aseme alitambua, akiwa kwenye ukurasa huo huo, kwamba sentensi ile ilikuwa ya baba yake, neno kwa neno. Alichorithi mtu si lazima akitupe, ila akijua ni cha nani anaweza kuamua kubaki nacho au kukirudisha kwa mwenyewe.

Hatua ya tatu: Waulize unaowaongoza, kwa njia inayowalinda

Wahenga walisema nyani haoni kundule, na hakuna daftari linaloweza kumwonyesha mtu kilichokaa nyuma yake. Mwaka 1955 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harrington Ingham, walilieleza jambo hili kwa mchoro wa dirisha lenye vioo vinne. Kioo cha kwanza ni yale unayoyajua juu yako na wenzako wanayajua pia. Cha pili ni yale unayoyajua lakini umewaficha. Cha tatu ni yale wanayoyaona wao na wewe huyaoni. Cha nne ni yale ambayo hakuna aliyeyajua bado. Dirisha hilo lilipewa jina kwa kuunganisha majina yao mafupi, Joe na Harry, likawa Johari. Msomaji wa Kiswahili hulisoma jina hilo kwa maana ya kito, nami huona limelipata jambo lenyewe vizuri, kwa kuwa thamani yote kwa kiongozi mpya imo katika kile kioo cha tatu.

Nitaeleza nilivyoijua thamani hiyo kwa hasara. Nikiwa kijana nilisimamia kituo cha kupokelea kahawa cha chama kimoja cha msingi kwenye miteremko ya mlima. Nilijiona mtu makini. Nilipima mwenyewe, niliandika stakabadhi mwenyewe, na karani msaidizi nilimwachia kushika magunia. Asubuhi moja aliniambia, mbele ya foleni ya wakulima, kwamba nimekosea kuandika uzito wa gunia la mama mmoja. Nikamjibu kwamba kama anataka kunifundisha kazi basi aichukue yote. Hakusema kitu. Wiki mbili baadaye jiwe dogo lilibana chini ya jukwaa la mizani, na mizani ikawa inasoma pungufu. Yeye aliliona tangu asubuhi ya kwanza, akanyamaza. Kwa siku mbili tulipokea kahawa ya maganda kwa uzito usio wake, kahawa ambayo watu walikuwa wameitegemea kwa ada za watoto wao, na aliyegundua ni mzee mmoja aliyekuwa amelipima gunia lake kabla ya kulileta. Nilipomuuliza karani kwa nini hakuniambia, alinijibu kwa heshima zote: "Kaka, ulisema nisikufundishe kazi." Muda wote niliokuwa nikijiita makini, yeye na wenzake walikuwa na jina jingine kwa ajili yangu, na jina hilo ndilo lililokuwa likiendesha kituo.

Ugumu wetu ni kwamba heshima tuliyolelewa nayo haimruhusu mdogo kumweleza mkubwa kasoro zake usoni. Kijana aliyekuamkia shikamoo saa moja asubuhi hawezi kufika saa nne akakuambia kwamba unawakatiza watu wanapozungumza. Sipendekezi tuiache heshima hiyo, kwa maana imeshikilia mengi katika maisha yetu. Ninachopendekeza ni kuuliza kwa namna ambayo anayejibu hatalazimika kuivunja.

Kwanza, usiulize "mnanionaje?", kwa sababu jibu lake linajulikana: uko vizuri, bosi. Uliza juu ya kazi, ukijiweka wewe kama sehemu ya kazi hiyo. Maswali matatu yamenifaa kuliko mengine. La kwanza: kuna jambo gani ninalolifanya ambalo hukufanya uirudie kazi mara mbili? La pili: mara ya mwisho ulipokuwa na habari mbaya ya kuniletea, ulingoja kwa muda gani, na ulikuwa ukingoja nini? La tatu, na hili lina nguvu kuliko yote: nikisafiri wiki mbili, ni jambo gani hapa litakwenda vizuri zaidi? Mtu anayeona haya kusema kwamba unabana kila uamuzi ataweza kusema, bila kumvunjia mtu heshima, kwamba ukisafiri oda za mboga zitatoka mapema.

Pili, chagua watu watatu kwa uangalifu. Mmoja awe ni yule aliyekuwapo kabla yako na anayewajua viongozi waliopita. Mwingine awe mdogo kuliko wote kwa umri au kwa cheo. Wa tatu awe yule mliyewahi kukwaruzana. Rafiki yako asiwe miongoni mwao. Zungumza na kila mmoja peke yake, na usimwite ofisini kwako, kwa sababu mtu aliyeitwa ofisini huja akiwa amekwisha kujitetea moyoni. Mfuate anapofanyia kazi, au ketini mahali pa chai, uanze kwa kumweleza kwamba unajifunza kazi na unahitaji msaada wake.

Tatu, usijibu. Hili ndilo linalowashinda wengi, na nalisema kwa uzito kwa kuwa limewahi kunishinda mimi. Mtu akisema kwamba unachelewesha saini, utataka kumweleza kwa nini ulichelewesha, na maelezo yako yatakuwa ya kweli kabisa, lakini yeye atasikia kwamba amekosea kusema. Sema "asante, nimekusikia", andika alichosema kwa maneno yake, kisha ndani ya wiki mbili badilisha jambo moja dogo alilolitaja, jambo atakaloliona kwa macho. Hilo moja litafungua mlango wa mazungumzo ya pili, na mazungumzo ya pili ndiyo huwa na ukweli mwingi zaidi.

Iwapo watu wako wameogopa kwa muda mrefu, pengine kwa sababu ya kiongozi aliyekutangulia, hata njia hii haitatosha. Hapo tafuta mtu wa kati. Kwetu mwoaji hapeleki posa mwenyewe. Humtuma mshenga, kwa sababu kuna maneno ambayo wawili hawawezi kuambiana uso kwa uso bila mmoja kuumia. Kazini nako anaweza kupatikana mama au mzee anayeaminiwa na pande zote, akazungumza na watu kwa nafasi yake, akakuletea waliyosema bila majina. Mpe ahadi kwamba hutamuuliza nani alisema nini, na ahadi hiyo uishike hata pale utakapodhani umemtambua msemaji.

Hatua ya nne: Linganisha uliyoyapata na mitindo inayojulikana

Majina ya kitaalamu nimeyachelewesha mpaka hapa kwa makusudi, maana mtu akianza na majina hujichagulia lile linalopendeza. Mgawanyo unaojulikana sana ulitokana na majaribio ya Kurt Lewin na wenzake, Ronald Lippitt na Ralph White, huko Iowa, Marekani, yaliyochapishwa mwaka 1939. Waliwaweka wavulana wa umri wa miaka kumi hivi katika vikundi vya kazi za mikono, kama kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni, chini ya viongozi wa namna tatu: aliyeamrisha kila hatua, aliyeshauriana nao, na aliyewaacha wafanye watakavyo. Ninalolisisitiza darasani ni lile lililoonekana kiongozi alipotoka chumbani. Wavulana wa mwamrishaji walilegeza kazi, ilhali wale walioshauriana na kiongozi wao waliendelea bila yeye. Kwa hiyo ukitaka kujua ulipo, usitazame kazi inavyokwenda ukiwapo, bali itazame ilivyokwenda siku uliyokuwa msibani.

Hata hivyo usikimbilie kuhitimisha kwamba kushauriana ndiko kwema na kuamuru ndiko kubaya. Paul Hersey na Ken Blanchard walieleza mwaka 1969 kwamba kiongozi hubadilisha namna yake kulingana na ukomavu wa anayeongozwa katika kazi husika, na kwetu sioni mahali ambapo jambo hili liko wazi kuliko mlimani. Kwenye lango la Machame, mizigo inapopimwa ili mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20, kiongozi mzuri wa msafara husikiliza: nani ametoka kuumwa, nani anapanda kwa mara ya kwanza, nani viatu vyake vimechoka. Usiku wa kuelekea kileleni, juu ya kambi ya Barafu iliyo zaidi ya mita 4,600, mgeni akianza kuyumba na kusema maneno yasiyoeleweka, hakuna kujadiliana. Kiongozi husema tunashuka, na msaidizi humshika mgeni mkono saa ile ile, hata kama kilele cha mita 5,895 hakiko mbali na mgeni amelipia safari yake kwa akiba ya miaka. Msafara ukishafika chini, fedha za bakshishi huhesabiwa mbele ya wote. Wapagazi hawamwoni mtu huyo kuwa kigeugeu, kwa sababu wanajua mapema ni wakati gani atawauliza na ni wakati gani ataamuru. Mtindo umekomaa pale watu wanapoweza kukutabiri.

Kwa hiyo chora safu tatu katika daftari. Katika ya kwanza andika mambo utakayoyaamua peke yako, katika ya pili yale utakayouliza kwanza kisha uamue wewe, na katika ya tatu yale watakayoamua wao na kukujulisha. Kisha wasomee. Nimeona timu zilizokuwa zikilalamika juu ya udikteta wa msimamizi zikatulia kwa kusomewa safu hizo tu, maana kilichowaumiza zaidi kilikuwa kutojua ni lini maoni yao yanatakiwa kweli na ni lini wanaulizwa kwa ajili ya kutimiza taratibu.

Neno moja kwa anayempokea kiongozi aliyependwa: usimwige. Mazungumzo ya amani ya Burundi yaliyoanza Arusha mwaka 1998 yaliongozwa na Mwalimu Julius Nyerere hadi kifo chake tarehe 14 Oktoba 1999, kisha Nelson Mandela akayapokea. Mwalimu alikuwa ameyajenga kwa subira, kwa kamati na mijadala mirefu. Mandela hakujaribu kuwa Nyerere. Alipokutana na wajumbe Arusha Januari 2000 aliwasema waziwazi kwa kuchelewesha amani huku watu wao wakifa, na akahimiza makundi yenye silaha yaingizwe katika mazungumzo. Mkataba ulisainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Naamini ukali wa Mandela ulisikilizwa kwa sababu subira ya Mwalimu ilikuwa imekwisha kuwazoeza watu wale kuketi meza moja, na kwamba kama mmoja angejitia sura ya mwenzake, wajumbe wangemtambua siku ya kwanza.

Hatua ya tano: Andika miiko yako mitatu

Arusha ina historia yake katika jambo hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko iliyomkataza kiongozi wa TANU, chama kilichotawala wakati ule, au wa serikali kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba za kupangisha. Kila mtu ana maoni yake juu ya siasa ya wakati ule, na miiko yenyewe ililegezwa kwa azimio lililopitishwa Zanzibar mwaka 1991, lakini ninachotaka ukione ni jinsi ilivyoandikwa. Haikuishia kusema kwamba kiongozi awe mwadilifu. Ilitaja nyumba, mshahara na hisa, vitu ambavyo jirani anaweza kuvihesabu.

Miiko yako nayo iandikwe hivyo, itokane na yale uliyoambiwa katika hatua ya tatu, na isizidi mitatu. "Nitawaheshimu wafanyakazi" si mwiko, kwa kuwa hakuna awezaye kuonyesha siku ulipouvunja. "Sitamkemea mtu mbele ya mteja" ni mwiko. "Ombi la mkopo la ndugu yangu likijadiliwa nitatoka nje ya kikao" ni mwiko. "Ujumbe wa simu niliouandika kwa hasira utangoja hadi asubuhi" ni mwiko, na ninaupendekeza kwa kila mtu aliye na kundi la kazi kwenye simu yake.

Kisha umpe mtu mwingine ufunguo. Kikundi cha kuweka na kukopa hulifunga sanduku lake kwa kufuli tatu na funguo hukaa kwa wanachama watatu, na hakuna mshika funguo anayeona kwamba ametukanwa. Utaratibu huo unamlinda hata yeye. Mweleze msaidizi wako miiko yako mitatu na umwombe akukumbushe kwa ishara mtakayokubaliana, ili asilazimike kukusahihisha kwa maneno mbele za watu.

Hatua ya sita: Fanya zoezi moja tu kwa siku hamsini

Kufikia hapa zitakuwa zimepita siku arobaini hivi. Siku zilizobaki zitumie kwa zoezi moja. Wanaotaka kubadilisha kila kitu kwa pamoja huwachanganya watu wao, na mara nyingi hurudi walikotoka ndani ya wiki tatu.

Kama daftari limeonyesha kwamba unaamua mengi peke yako, zoezi lako ni kusema mwisho katika kila kikao. Wamasai wana laigwanani, ambaye huteuliwa awe msemaji wa rika lake, na uzito wa maneno yake unatokana na kwamba amewasikiliza wenzake kabla ya kusimama. Fungua kikao, taja jambo, nyamaza. Anza kwa kumwomba mdogo kuliko wote aseme, kwa sababu mkubwa akishasema, wadogo wataunga mkono. Ukimya ukija, usiuzibe. Hesabu moyoni hadi ishirini. Mtu atasema. Baada ya wote, rudia uliyoyasikia kwa maneno yao, uwaulize kama umewaelewa, ndipo utoe uamuzi na sababu yake. Vikao viwili vya mwanzo vitakuwa vigumu na virefu, na baadhi ya watu watadhani umeishiwa na maneno. Kufikia cha nne watakuja wamejiandaa.

Kama daftari limeonyesha kwamba unaacha mambo yajiendee, zoezi lako ni tofauti: kila jambo linalofika mezani lipewe tarehe ya uamuzi papo hapo, tarehe hiyo iandikwe mahali wote wanapoiona, na ikifika uamue kwa habari ulizo nazo. Zoezi hili huwaumiza watu wapole, nami huwahurumia, lakini upole unaomwacha mdaiwa asijue hatima yake kwa miezi mitatu haumsaidii yeye wala kikundi.

Hatua ya saba: Jifunze kuomba radhi mapema

Katika siku hizi tisini utakosea. Wachagga tuna jani la sale: aliyekosea humpelekea aliyemkosea, na kulikataa ni jambo zito. Baada ya lile tukio la mizani, mzee mmoja aliniagiza niende kwa karani nyumbani kwao jioni ile, nikiwa na sale mkononi. Nilikwenda. Nilimwambia kwamba nilimvunjia heshima mbele ya watu, na kwamba asubuhi nitalisema hilo mbele ya watu wale wale. Asubuhi nililisema foleni ikisikia, kisha mbele yao tukayapima upya magunia yaliyokuwa ghalani na kusahihisha stakabadhi moja baada ya nyingine, yeye akisoma mizani na mimi nikiandika. Msimu ule alinisahihisha mara tatu nyingine, na mara zote tatu alikuwa sahihi.

Kutokana na hayo nimebaki na kanuni chache. Taja tendo lenyewe, usiseme "kama kuna niliyemkosea". Kosa lililofanyika hadharani liombewe radhi hadharani. Wala usiongeze neno "lakini" baada ya radhi, hata kama una sababu njema.

Hatua ya nane: Siku ya tisini

Rudi kwa wale watu watatu, uwaulize maswali yale yale matatu kwa mpangilio ule ule, na uyaandike majibu kando ya yale ya kwanza. Usitazamie sifa. Linganisha hasa majibu ya swali la pili: kama habari mbaya iliyokuwa ikingoja wiki sasa inakufikia siku ile ile, zoezi limefanya kazi, na unaweza kuchagua jingine kwa siku tisini zinazofuata. Kama muda haujapungua, usibadilishe zoezi bado. Badilisha mahali unapoulizia au mtu wa kati, kwa maana huenda bado hujaambiwa lile lililo kubwa. Na ukiona zimepita wiki tatu bila mtu yeyote kukuletea habari mbaya hata moja, liache daftari mezani, nenda jikoni, ghalani au langoni kulipo na watu, umtafute aliye mdogo kuliko wote, uanzie tena hatua ya tatu.